Kicheko cha Makuruta: Tunaihakiki Sinema ya "Biloxi Blues"

Huenda baadhi ya ndugu wasomaji wakauliza kwa nini kurasa hizi, ambazo kazi yake ni itikadi na uongozi, zipewe sinema ya kuchekesha kutoka Marekani. Tunajibu hivi. Sinema ya vita yenye damu na ving'ora hujulikana mapema inataka kutupeleka wapi, na mtazamaji huingia ukumbini akiwa amejihami. Sinema ya kuchekesha humkuta amelegea. Anacheka, na anapocheka anakubali. Akishakubali mara kumi hajui tena ni jambo gani hasa alilolikubali. Kwa mwanafunzi wa siasa hiyo ni sababu ya kutosha.

"Biloxi Blues" ilianza jukwaani. Mwandishi wake, Neil Simon, alizaliwa New York mwaka 1927, na yeye mwenyewe alipitia mafunzo ya kijeshi Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikifikia mwisho. Mchezo huu ni wa pili kati ya mitatu inayomfuata kijana mmoja, Eugene Morris Jerome, ambaye kila mtu anajua kwamba ni Simon mwenyewe aliyebadilishwa jina. Ulifunguliwa Broadway mwezi Machi 1985 na ukapata tuzo ya Tony ya mchezo bora wa mwaka huo. Mwaka 1988 ukawa sinema, ikiongozwa na Mike Nichols, na Simon ndiye aliyeandika mswada wa sinema. Matthew Broderick, aliyekuwa Eugene jukwaani, ndiye Eugene wa sinema pia. Christopher Walken ni Sajini Toomey. Basi tukikuta tofauti kati ya jukwaa na sinema, tusidhani kwamba mtu mwingine ameiharibu kazi ya mwandishi. Mkono ni ule ule. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo kiini cha uhakiki wetu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Eugene, kijana wa Kiyahudi kutoka Brooklyn, anasafirishwa kwa gari moshi pamoja na vijana wenzake hadi Biloxi, katika jimbo la Mississippi, kusini kabisa mwa nchi yao. Ana daftari anamoandika kila anachokiona na kukisikia. Ana malengo machache maishani: awe mwandishi, asife vitani, na amjue mwanamke. Huko kambini wanakutana na Toomey, na kwa majuma kadhaa wanapigishwa kwata, wanakimbizwa kwenye vinamasi, wanalishwa chakula kisicholika, wanaoshwa vyoo na kuadhibiwa. Wanagombana, wanapatana, wanaondoka. Ndiyo hadithi yote. Uzito wake haumo katika matukio, umo katika mgogoro wa watu wawili: Sajini Toomey na kuruta Arnold Epstein.

Tuanze na Toomey, kwani hapo ndipo sinema ilipofanya kazi yake vizuri kuliko mahali pengine popote. Tumezoea kuona sajini wa sinema anayebweka. Toomey habweki. Walken anamcheza kwa sauti ya chini, karibu ya upole, kama mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka, na upole huo unatisha kuliko makelele. Ana kipande cha chuma kichwani kutokana na majeraha ya vita. Anaamini, wala hasemi uongo, kwamba askari asiyetii papo hapo atakufa na atawaua wenzake. Mtu anayeamini jambo na amelilipia kwa fuvu lake si wa kufanyiwa mzaha tu, na sinema inalijua hilo.

Lakini tazama mbinu yake. Mmoja akikosa, wengine ndio wanaopiga pushapu, na yule aliyekosa anaachwa amesimama akiwatazama. Mbinu hii haimfundishi mkosaji chochote kuhusu kosa lake. Inawafundisha wenzake kumchukia. Wykowski, kijana mwenye asili ya Kipolandi kutoka Bridgeport, na rafiki yake Selridge, wanamwandama Epstein kwa sababu ya Uyahudi wake, na sinema inatuonyesha chuki hiyo kama tabia yao, kana kwamba waliiingiza kambini ndani ya mabegi yao. Bila shaka waliiingiza. Hata hivyo, nani aliyeimwagilia maji kila asubuhi? Mtawala anayewatoza wengi deni la mmoja amewagawa bila kutamka neno "kugawa". Hali hii ilikuwa mbele ya macho ya Simon, ameiandika kwa uaminifu, lakini hakuiona. Mara nyingi msanii huchora asichokielewa, na ndiyo maana uhakiki ukawa na kazi ya kufanya.

Epstein anakataa. Tumbo lake halikubali chakula cha mesi, mwili wake haufai kwa mchakamchaka, lakini ukaidi wake hautoki tumboni. Anasema wazi kwamba hakuna haja ya kumvua mtu utu wake ili atende kazi, na kwamba askari aliyeinuliwa moyo atafanya zaidi kuliko aliyevunjwa. Kwa lugha tuliyoizoea sisi, anatenganisha nidhamu ya woga na nidhamu ya kufahamu. Kwa msimamo huo anapewa vyoo, na baada ya vyoo, vyoo tena.

Kuna tukio moja ambalo tungependa kila mkufunzi alitazame mara mbili. Pesa za Wykowski zinapotea. Toomey anawabana makuruta wote: mwizi ajitokeze, la sivyo ruhusa ya mapumziko ya kikosi kizima imekwenda. Epstein anajitokeza na kukiri kosa ambalo hakulitenda. Kumbe pesa amezichukua sajini mwenyewe, ati ili amfundishe mwenye nazo asiache mali yake ovyo. Ukumbini watu wanacheka, kwa sababu sajini amenaswa katika mtego alioutega. Sisi tuliona jambo jingine. Epstein hakukiri kwa ajili ya ushujaa. Alikuwa ameitambua hesabu ya Toomey, kwamba kosa lolote lazima lilipwe na mtu yeyote, akamlipa kwa sarafu ile ile ili ubatili wake uonekane na kila mtu. Huo ndio ukosoaji wa matendo. Katika muda wote wa sinema hakuna mtu mwingine anayeufikia, na kwa hakika Eugene haufikii.

Na hapa tunamfikia Eugene na daftari lake. Vijana wenzake wanalichukua na kulisoma kwa sauti. Mle ndani Eugene ameandika dhana yake kwamba Epstein ni mtu anayevutiwa na wanaume. Ni dhana tu, isiyo na ushahidi, lakini ikishasomwa inakuwa habari, na habari inakuwa hukumu. Eugene anashtuka kugundua kwamba watu huamini jambo kwa sababu limeandikwa. Baadaye jeshi linamkamata kuruta mwingine kabisa, Hennesey, kwa uhusiano wa kimapenzi na askari mwenzake, na kijana yule mpole, aliyekuwa akiwatetea wenzake, anaondolewa mbele ya macho ya kikosi. Tangu hapo kicheko hakirudi kama kilivyokuwa. Kama sinema nzima ingekuwa na uzito wa dakika zile, uhakiki huu ungekuwa wa kusifu tu.

Ni Epstein ndiye anayemwambia Eugene ukweli wake: kwamba yeye ni mtazamaji, anasimama pembeni na kuandika wanayoyafanya wengine, na kwamba mtu hana budi kuingia kati na kuchagua upande. Tunampa Neil Simon heshima yake kwa hili. Si waandishi wengi waliothubutu kumweka mtu ndani ya kazi yao ili awashitaki wao wenyewe. Lakini shitaka likishasomwa linahitaji jibu, na jibu la sinema ni kuendelea kumpa Eugene usukani. Ni yeye anayetusimulia. Tunamwona Epstein kwa macho ya Eugene, tunacheka pale Eugene anapotaka tucheke, na shida ya Epstein inapozidi kuwa kali, Eugene huingiza utani mmoja ili tupumue. Kwa hiyo swali kubwa limewekwa kinywani mwa mtu mmoja, na hadithi ikapewa mtu mwingine.

Kuhusu wanawake tutasema machache, kwa kuwa sinema yenyewe imesema machache. Yuko Rowena, anayenunuliwa, na yuko Daisy, msichana wa shule ya Kikatoliki, anayetukuzwa. Wote wawili ni vituo katika safari ya Eugene. Hakuna anayejua Rowena anakwenda wapi makuruta wakiisha kupanda gari moshi.

Sasa turudi kwenye mchezo wa usiku ule. Vijana wanashindana: kila mmoja atoe dola 5, aeleze angefanya nini kama angebakiwa na siku chache tu za kuishi, na mwenye ndoto bora achukue fungu lote. Wengine wanataja wanawake na utajiri. Epstein anasema angemfanya Sajini Toomey apige pushapu 200 mbele ya kikosi. Anashinda, na ushindi wake unaleta matusi juu ya Wayahudi na fedha. Mwishoni ndoto hiyo inatimia. Usiku mmoja Toomey, aliyekwisha kujua kwamba anapelekwa hospitali ya maveterani na kwamba maisha yake ya uaskari yamefika ukingoni, analewa na kumwelekezea mmoja wa vijana wake bastola yenye risasi. Kosa kama hilo ni la mahakama ya kijeshi. Linamalizwa kwa pushapu 200.

Watazamaji hupiga makofi hapo. Nasi tulipiga, hatuna haja ya kuficha. Kisha tukajiuliza tumeshangilia nini. Aliyekuwa chini amepanda, aliyekuwa juu ameshuka, na ngazi imebaki palepale. Epstein, aliyepinga adhabu ya kudhalilisha kwa hoja nzito kuliko wote, amepewa ushindi ambao silaha yake ni adhabu hiyo hiyo ya kudhalilisha. Upo utetezi: kwamba amemwokoa Toomey na jela, kwa hiyo ni huruma. Tunakubali. Lakini huruma ya mtu mmoja kwa mtu mmoja haijagusa swali la namna askari anavyofundishwa. Asubuhi yake atakuja sajini mwingine.

Tumekwisha kusema kwamba tofauti kati ya jukwaa na sinema ndicho kiini. Mchezo wa jukwaani umewekwa mwaka 1943. Mwishoni Eugene anatueleza yaliyowapata wenzake, na kicheko chote cha saa mbili kinadaiwa bei yake. Wykowski amepoteza mguu. Carney, mpenzi wa kuimba, ameingia hospitali akiwa amevunjika moyo kwa yale aliyoyaona. Epstein amepotea vitani na mwili wake haukupatikana. Selridge amepandishwa cheo kuwa sajini, amerudishwa Biloxi, na sasa yeye ndiye anayewapigisha makuruta wapya pushapu, nyingi kuliko alizopigishwa yeye. Tunaliona jambo hili la Selridge kuwa ndilo lenye maana kuliko yote aliyoyaandika Simon katika kazi hii. Kwa sentensi mbili tatu anaonyesha jinsi mfumo unavyozaa watumishi wake kutokana na wale wale uliowatesa.

Sinema imeisogeza hadithi hadi mwaka 1945. Mabomu ya atomiki yanaangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9, vita vinakwisha, na vijana wetu hawakupigana hata siku moja. Epstein hakupotea. Mguu wa Wykowski upo. Eugene anakumbuka siku za Biloxi kwa mapenzi, na sababu anayoitoa ni kwamba alikuwa kijana. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Hiroshima na Nagasaki wanapita katika sinema hii kama habari njema.

Kwa nini mkono ule ule ulibadili mwisho? Hatuwezi kuingia moyoni mwa mwandishi, na wala si kazi ya mhakiki. Tunaweza kuzitazama nyakati. Mike Nichols huyu huyu mwaka 1970, Marekani ikiwa imezama Vietnam, aliongoza "Catch-22", sinema nyingine ya kuchekesha kuhusu jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, iliyotokana na riwaya ya Joseph Heller. Kicheko cha sinema ile kinakwama kooni. Ndani yake jeshi ni duka, na maisha ya askari ni bidhaa. Mwaka 1973 Marekani iliacha kuandikisha vijana kwa lazima. Mwaka 1975 Saigon ikaanguka. Kufikia 1988 mtazamaji aliyekaa ukumbini hakuwa tena na hofu ya barua ya kumwita jeshini. Aliweza kuitazama kambi ya mafunzo kama mtu atazamavyo picha ya zamani ya familia. Mwaka mmoja kabla, katika "Full Metal Jacket" ya Stanley Kubrick, kuruta aliyevunjwa akili na mafunzo alimpiga risasi sajini wake na kisha kujiua. Katika Biloxi bastola iko mkononi mwa sajini, na inaishia kwenye pushapu. Sinema zote mbili ziliuzwa na kampuni kubwa kwa umma ule ule. Lililotofautiana ni kile ambacho umma huo ulitakiwa kukumbuka.

Kuna watu wengine ambao sinema haikuwakumbuka. Kikosi cha Toomey ni cha watu weupe watupu. Hilo si kosa la kihistoria: jeshi la Marekani wakati ule lilitenganisha askari weusi na weupe, na Rais Truman hakutoa amri ya kuondoa utengano huo mpaka tarehe 26 Julai 1948. Lakini tuko Mississippi, ambako Mtu Mweusi alikuwa na mlango wake, kiti chake na bomba lake la maji, na makuruta weusi walifunzwa katika kambi hiyo hiyo ya Keesler pale Biloxi. Sinema inayojadili kwa uchungu ubaguzi dhidi ya Myahudi ndani ya bweni, imewezaje kupita mji huo bila kuuona ubaguzi uliojengwa nje ya dirisha? Jibu ni kwamba msimulizi ni mtazamaji, na mtazamaji huona kilicho karibu naye.

Afrika nayo imetajwa. Eugene akilalamikia joto la Biloxi analifananisha na joto la Afrika, na kusema kwamba hata Tarzan lingemshinda. Utani wa kijana, wala hatutaki kuukuza. Tunataja tu kwamba miezi ile ile ya mwisho wa vita askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wametoka kupigana katika bonde la Kabaw na mto Chindwin huko Burma, wakiamrishwa kwa Kiswahili. Walifunzwa na masajini waliokuwa na mbinu kama za Toomey, chini ya maafisa wa rangi nyingine, kwa ajili ya uhuru ambao haukuwahusu. Kichekesho cha mafunzo yao bado hakijaandikwa, na wengi ambao wangekisimulia wamekwisha kufariki.

Tuliionyesha sinema hii kwa wanafunzi wetu, ambao karibu wote wamepitia JKT. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko tulivyotarajia, na kilikuwa cha watu wanaofahamu. Mjadala ulipoanza, kijana mmoja alisimama kumtetea Toomey. Alisema Epstein ana maneno mazuri lakini adui hangojei maneno, na kwamba yeye mwenyewe aliwachukia maafande wake kwa miezi mitatu na sasa anawashukuru. Wengi walimpigia makofi. Dada mmoja akamjibu: unawashukuru kwa yale waliyokufundisha, au kwa sababu yamekwisha?

Swali hilo lilitugusa hata sisi wakufunzi. Na sisi husimulia mchakamchaka wetu kwa kicheko. Tukikutana watu wa kundi moja tunaigana sauti za maafande na kushikana mbavu. Mateso yakishapita huwa hadithi, na hadithi huyalainisha. Hapo ndipo Eugene anapokuwa ndugu yetu, na ndipo tunapopaswa kumwogopa kidogo. Nchi yetu iliwahi kuona jeshi lililofunzwa kutii bila kuelewa. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Januari 1964 walidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na sababu, na njia waliyoitumia karibu iangushe dola changa. Jeshi lililoundwa mwezi Septemba mwaka ule lilianza kwa kusema kwamba askari lazima ajue anamtumikia nani. Tumetekeleza hilo kwa kiasi gani ni mjadala mwingine, ila hatuwezi kusema kwamba swali la Epstein ni la Marekani peke yake.

Kwa wenzetu wanaotaka kuitumia sinema hii darasani, ushauri wetu ni kwamba wasiionyeshe peke yake. Sisi, baada ya taa kuwashwa, tuliwaeleza wanafunzi yale yaliyowapata vijana wale katika mchezo wa jukwaani: mguu wa Wykowski, hospitali ya Carney, Epstein asiyepatikana, Selridge aliyerudi Biloxi na cheo chake. Ukumbi ulinyamaza kwa muda. Aliyevunja kimya ni kijana yule yule aliyemtetea Toomey. Hakuuliza juu ya Epstein. Aliuliza kuhusu Selridge: wale anaowafundisha sasa, nani kati yao ana daftari?